Hasara ya Shamba Hubebwa na Nani?

Mwaka 2024 El Niño ilikausha mahindi ya kusini mwa Afrika yakiwa bado yanachanua. Zambia ilitangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari, Malawi ikafuata mwezi Machi, na Zimbabwe mwezi Aprili. Juni mwaka huohuo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania, NFRA, ulitia saini mkataba wa kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Tanzania ina watu wengi wanaokumbuka unga wa njano wa msaada na foleni za maduka ya ushirika. Safari hii nchi yao ndiyo iliyoombwa chakula.

Ukiyafuata mahindi yale hadi yalikotoka, utakuta mikono ya serikali na ya watu binafsi imeshikana kila hatua. Mbegu nyingi ni chotara za kampuni, zilizothibitishwa na taasisi ya umma. Mbolea imeletwa na meli za wafanyabiashara, kisha bei yake ikapunguzwa kwa fedha za bajeti. Shamba ni la familia huko Songwe, Rukwa au Ruvuma, mara nyingi ekari chache tu. Lori ni la mtu binafsi. Kihenge ni cha serikali, na huenda ni kimoja cha vile vilivyojengwa kwa mkopo wa Poland, katika mradi uliokusudia kuongeza uwezo wa maghala ya NFRA kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Kwa hiyo swali la kama sekta ya umma na sekta binafsi zishirikiane katika kulisha watu lilikwisha kujibiwa na mashamba yenyewe. Lililobaki ni gumu zaidi. Mvua ikikatika, bei ikianguka, au kanuni ikibadilishwa katikati ya msimu, hasara inamwangukia nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mipango mingi ya ubia wa kilimo iliyozinduliwa Afrika Mashariki tangu mwaka 2009 iligawa faida kwa uangalifu mkubwa na kuiacha hasara bila mwenyewe. Hasara isiyo na mwenyewe ni kama maji ya mvua, huteremka mpaka mahali pa chini kabisa. Kwetu, mahali hapo ni kwa mkulima wa ekari mbili. Naye, ukijumlisha ardhi anayoitoa, nguvu za familia na akiba ya nyumba inayozikwa shambani kila msimu, ndiye mwekezaji mkubwa kuliko wote katika chakula chetu, ingawa kwenye meza za mikutano hukaa nyuma kama mnufaika.

Kabla ya neno ubia kuenea, Tanzania ilijaribu njia ya serikali kubeba kila kitu. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likawa mnunuzi rasmi wa nafaka. Bei ilikuwa moja nchi nzima: mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na wa jirani na Dar es Salaam, na gharama ya barabara ikabaki kwa shirika. Bei hiyo, pamoja na mbolea ya ruzuku, ndiyo iliyozigeuza Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kuwa ghala la mahindi la taifa. Ilikuwa sera yenye utu ndani yake, na matunda yake bado tunayala. Lakini NMC lilizama katika madeni, wakulima walilipwa kwa kuchelewa, na magendo yakachukua sehemu kubwa ya mavuno. Miaka ya mwisho ya 1980 biashara ya nafaka ilifunguliwa, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa. Mikoa ya mbali ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu mfanyabiashara hununua penye barabara nzuri na hesabu ya mafuta inayolipa. Ndani ya miaka michache mzigo wa hasara ulihama wote kutoka hazina ya taifa hadi mabegani mwa mkulima, bila kupitia mikono ya mtu mwingine yeyote.

Dunia ililikumbuka suala la chakula mwaka 2008, bei za mchele, ngano na mahindi zilipopanda kwa kasi, nchi zinazouza mchele kama India na Vietnam zikabana mauzo ya nje, na ghasia za chakula zikazuka katika miji mingi. Julai 2009, huko L'Aquila nchini Italia, mataifa tajiri yaliahidi dola bilioni 20 kwa kilimo na usalama wa chakula. Mwezi mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imetangaza Kilimo Kwanza, mpango wenye nguzo kumi uliotoka katika Baraza la Taifa la Biashara, ambako mawaziri na wafanyabiashara hukaa pamoja. Mei 2010, Mkutano wa Uchumi wa Dunia kwa Afrika ulipofanyika Dar es Salaam, likazaliwa wazo la SAGCOT, Ukanda wa Kilimo wa Kusini mwa Tanzania, unaofuata reli ya TAZARA na barabara kuu kutoka pwani hadi nyanda za juu. Andiko lake la 2011 liliahidi kwamba kufikia mwaka 2030 hekta 350,000 zingekuwa zinazalisha kibiashara, ajira 420,000 zingepatikana, na watu milioni 2 wangetoka kwenye umaskini. Mei 2012 viongozi wa G8 waliokutana Camp David, Marekani, walizindua Muungano Mpya wa Usalama wa Chakula na Lishe, uliolenga kuwatoa watu milioni 50 wa Afrika katika umaskini ndani ya miaka 10. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza kujiunga, pamoja na Ghana na Ethiopia.

Ukisoma makubaliano ya Muungano Mpya utaona kasoro ambayo, kwa maoni yangu, ilitosha kuonyesha mwisho wake tangu mwanzo. Upande wa serikali uliandika ahadi zenye tarehe: kubadilisha sheria za mbegu, kupima ardhi, kupunguza kodi. Upande wa kampuni uliandika barua za nia. Ahadi ya serikali inaweza kukaguliwa mwaka hadi mwaka, na wafadhili waliikagua. Nia ya kampuni hubadilika bei ya soko la dunia ikibadilika, wala hakuna wa kuidai. Mwaka 2016 Bunge la Ulaya liliukosoa mpango huo waziwazi kwa kuwasahau wakulima wadogo, na mwaka 2018 Ufaransa ilijiondoa. Kwa upande wa SAGCOT, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 70 mwaka 2016, nao ukafutwa mwaka 2019 kwa ombi la serikali ya Tanzania yenyewe.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichobaki. Bandarini Dar es Salaam lilijengwa ghala kubwa la mbolea, lililofunguliwa mwaka 2015. Katika kongani ya Ihemi, mkoani Iringa, wakulima wa viazi, soya na nyanya pamoja na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walikutanishwa na wanunuzi na wazalishaji wa mbegu. Kazi hiyo ya kuunganisha watu, isiyo na utepe wa kukata, ilizaa matunda kuliko ndoto ya mashamba makubwa iliyotawala maandiko ya mwanzo. Ndoto ya mashamba makubwa yenyewe ina kaburi lake, na inafaa kulitembelea taratibu.

Kaburi hilo lipo Mngeta, katika Bonde la Kilombero, kwenye shamba la hekta zipatazo 5,800. Katika miaka ya 1980 lilikuwa mradi wa mpunga wa Tanzania na Korea Kaskazini. Mradi ulipokufa, watu waliingia, wakalima, wakajenga, wakazaa watoto pale. Mwaka 2008 shamba lilichukuliwa na kampuni mpya, Kilombero Plantations, iliyoundwa na wawekezaji kutoka Uingereza kwa ubia na RUBADA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza bonde la Rufiji. Baadaye ikaingia pia Norfund, mfuko wa maendeleo wa Norway. Familia zilizokuwa ndani ya shamba zilihamishwa, na malalamiko kuhusu fidia yalidumu kwa miaka, mpaka yakaandikiwa ripoti kali na wanaharakati wa kimataifa mwaka 2015.

Wakati huohuo kampuni ilifanya mambo ambayo serikali ilikuwa imeshindwa kuyafanya kwa muda mrefu. Ilijenga kinu cha kukoboa mpunga, ikaweka umwagiliaji, ikawafundisha maelfu ya wakulima wa vijiji vya jirani kilimo shadidi: kupandikiza miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi, na kupunguza maji. Mavuno ya wengi waliofuata njia hiyo yaliongezeka. Ikionekana kutoka Dodoma au Oslo, Mngeta ilikuwa mfano wa kupeleka mikutanoni.

Mwanzoni mwa 2013 bei ya mchele mijini ilikuwa juu, na serikali ikaruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru. Bei ikaanguka. Mlaji wa Manzese, Dar es Salaam, alipata nafuu, nayo nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Familia ya mjini inayotumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa chakula haina pa kukimbilia bei ikipanda. Ila kampuni iliyokuwa imekopa kwa kutegemea ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa mchele ni mkubwa, ilijikuta hesabu zake zimevunjika. Ilisuasua miaka kadhaa, ikashindwa kulipa madeni, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya ufilisi.

Tuhesabu hasara ya Mngeta ilikokwenda. Wawekezaji binafsi walipoteza mtaji. Umma wa Norway ulipoteza fedha zake. Wakulima waliofundishwa kilimo shadidi walibaki na maarifa, wakampoteza jirani mkubwa aliyewapa sababu ya kuyatumia. Familia zilizohamishwa zilipoteza mashamba, na kufilisika kwa kampuni hakukuzirudishia chochote. Uamuzi wa kuruhusu mchele ulikuwa na sababu nzuri. Kilichoharibu jambo ni kwamba haukuwa na kanuni iliyojulikana kabla. Kama ingeandikwa mapema kuwa bei ya mchele ikifika kiwango fulani mlango utafunguliwa kwa kiasi fulani na kwa miezi fulani, mwekezaji angejua anakopa kwa ajili ya nini, na mkulima wa Mngeta na wa Mbarali angejua kama inamfaa kuweka mpunga ghalani au kuuza mapema.

Ndiyo maana, nikitakiwa kutaja jambo moja linaloumiza zaidi uzalishaji wa chakula katika ukanda huu, nitataja mpaka unaofungwa na kufunguliwa bila taarifa. Tanzania imezuia mahindi yasitoke mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2011 na mwaka 2017. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, kisha ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti. Mwaka 2023 Tanzania ilianza kusimamia kwa ukali vibali vya kusafirisha nje, na malori yakakwama barabarani na mipakani. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa ya maana: njaa ndani ya nchi, afya ya mlaji, biashara holela. Hata hivyo, angalia kinachotokea kijijini. Mfanyabiashara anayejua kwamba lori lake linaweza kukwama mpakani Tunduma kwa wiki mbili hupunguza bei anayomlipa mkulima tangu siku ya kwanza, hata katika miaka ambayo mpaka haufungwi. Hofu yake ya serikali inalipwa na gunia la mkulima. Na mkulima aliyelipwa kidogo mwaka huu hununua mbolea kidogo mwaka ujao, kwa hiyo zuio lililokusudiwa kulinda chakula hupunguza chakula.

Suala la sumukuvu linastahili kutazamwa peke yake, maana si kisingizio tu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa na sumu hiyo. Inazaliwa shambani na hukua kwenye ghala lenye unyevu. Kuikinga kunahitaji turubai la kuanikia, kipima unyevu, mashine ya kupukuchua isiyovunja punje na ghala lenye hewa. Vitu hivi havimlipi mfanyabiashara mmojammoja, kwa kuwa gunia safi na gunia lenye sumu huuzwa bei ileile sokoni, na macho hayaoni tofauti. Hapa ndipo fedha za umma zinapokuwa na kazi isiyoweza kufanywa na mwingine: maabara, wakaguzi, na daraja la ubora linaloheshimiwa pande zote za mpaka. Kufunga mpaka bila kujenga hayo ni kumwadhibu mkulima kwa kukosa kifaa ambacho hakuna aliyemuuzia.

Kwenye mbolea, Tanzania imepitia karibu kila aina ya ubia. Kati ya 2008 na 2014 zilikuwepo vocha za pembejeo: serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ililipia takribani nusu ya bei, mkulima akaongeza iliyobaki, na wakala binafsi akauza. Katika kilele chake mpango ulifikia kaya zipatazo milioni 2 kwa mwaka. Mawakala wengi walifungua maduka vijijini kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Lakini mkulima asiye na ile nusu ya kuongezea aliishia kumuuzia wakala saini yake kwa fedha kidogo, mbolea ikaenda kwingine, na kamati za vijiji zikatuhumiwa. Mwaka 2017 ukaja ununuzi wa pamoja: badala ya kila kampuni kuagiza kivyake, mbolea za kupandia na kukuzia ziliagizwa kwa zabuni moja ili bei ishuke, jambo lenye mantiki kwa meli kubwa, lakini kampuni zikalalamika kuhusu bei elekezi.

Kisha ikaja vita ya Ukraine, na mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 100,000. Agosti 8, 2022, kwenye maonyesho ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya, ya shilingi bilioni 150 kwa msimu ule, iliyoshusha mfuko wa DAP na wa Urea hadi shilingi 70,000. Wakulima waliandikishwa kwenye daftari la kidijitali na kupewa namba. Hapo serikali ilifanya uamuzi sahihi wa kubeba hasara ambayo haikusababishwa na mtu yeyote nchini. Ugumu ulijitokeza kwenye hatua ya mwisho. Kutoka mji wa wilaya hadi kijijini kuna nauli, na faida iliyopangwa kwa wakala mara nyingi haikuitosha nauli hiyo. Matokeo yake mkulima alifuata mbolea mbali, akalala kwenye foleni, na kila siku aliyoipoteza mvua ilikuwa inanyesha bila yeye kupanda.

Kenya ilionyesha upande wa kutisha zaidi. Mapema 2024 iligundulika kwamba sehemu ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kupitia maghala ya bodi ya serikali ya nafaka haikuwa mbolea. Mifuko ilikuwa na nembo na ilipitia mlango wa serikali, kwa hiyo mkulima wa Bonde la Ufa hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Serikali iliahidi kuwafidia kwa mifuko mingine. Lakini mahindi yaliyopandwa na kitu kisicho mbolea hayangoji mfuko wa pili, na msimu ukipita umepita. Serikali inapomuuzia mtu bidhaa ya kampuni chini ya jina lake, inakuwa imemdhamini muuzaji, na inapaswa kuwa imekagua mfuko kabla ya mkulima kuufungua.

Katika bonde lilelile la Kilombero kuna ubia mwingine ambao umedumu. Kiwanda cha sukari kilibinafsishwa mwaka 1998, asilimia 75 ikaenda kwa wawekezaji wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini na asilimia 25 ikabaki serikalini, huku maelfu ya wakulima wa nje wakilima miwa na kuiuza kiwandani. Umedumu kwa sababu kila upande unamhitaji mwenzake: kiwanda bila miwa ya wakulima hakitoshelezi mitambo, na mwanakijiji hana pengine pa kusaga muwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi uwezo wa kusaga ulikuwa mdogo kuliko miwa iliyoiva, na muwa unaokaa shambani hupoteza sukari kila siku. Aliyepunjwa na uhaba huo wa mitambo alikuwa mkulima. Upanuzi mkubwa wa kiwanda uliokubaliwa mwaka 2021 ulikuja kwa kuchelewa sana.

Sukari pia ilionyesha jinsi serikali inavyovaa kofia nyingi. Ni mbia wa kiwanda, ni mtoa vibali vya kuagiza sukari ya nje, na ni mlinzi wa mlaji. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilisimamisha uvunaji, sukari ikaadimika, na bei madukani ikaruka mbali na bei elekezi. Mwaka huo sheria ilirekebishwa ili NFRA nayo iweze kununua na kuhifadhi sukari, na wazalishaji wakapinga. Naiona hatua hiyo kuwa sahihi kwa sharti moja: kiasi cha kuagiza kitokane na takwimu za mavuno zinazochapishwa kila mwezi, ili asiwepo wa kusema kwamba kibali kimetolewa kwa upendeleo.

Kuna mifano michache iliyoanza kwa kuuliza swali la hasara badala ya kulikwepa. Mwaka 2009 nchini Kenya ulianza mpango wa bima ulioitwa Kilimo Salama. Mkulima aliponunua mfuko wa mbegu au mbolea aliongeza kiasi kidogo cha bima, kampuni ya pembejeo ikaongeza kiasi kama hicho, na kituo cha hali ya hewa cha karibu kilipoonyesha kuwa mvua haikutosha, malipo yalitumwa kwa simu kupitia M-Pesa bila mtu kwenda kukagua shamba. Ilikuwa mara chache kuona kampuni ya mbegu ikiweka fedha yake kwenye mvua ya mteja wake. Nchini Tanzania, Julai 2021, Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 ya kukopesha benki kwa riba nafuu ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na benki kubwa zikashusha riba ya kilimo hadi asilimia 9. Benki ya Maendeleo ya Kilimo nayo hudhamini sehemu ya mikopo ya wakulima wadogo, kwa hiyo mkopo ukiharibika benki haiumii peke yake. Mipango hii haina mvuto wa shamba la maelfu ya hekta, lakini imeandika kwenye karatasi nani atalipa nini siku mambo yakienda vibaya.

Stakabadhi ghalani nayo ilitungiwa sheria mwaka 2005 kwa nia hiyohiyo: mkulima apeleke mazao ghalani, apate hati, auze mnadani bei ikiwa nzuri. Kwa korosho imekuwa na historia ya machozi, pamoja na ghasia za Liwale mwaka 2013 malipo yalipopungua. Kwa mbaazi imeleta matumaini baada ya pigo la 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi na bei katika vijiji vya Babati na Mtwara ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo. Mfumo huu unategemea uaminifu wa mzani na wepesi wa malipo, na vyote viwili ni kazi ya serikali. Kwa bahati mbaya bado kuna barabara nyingi nchini ambako viazi hununuliwa kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, miaka mingi baada ya sheria kulikataza. Wakala wa Vipimo akisimama pale kwenye lori msimu mzima, ataongeza kipato cha mkulima wa Njombe bila kuhitaji dola ya mfadhili.

Mpaka hapa nimezungumzia tani na shilingi. Usalama wa chakula hauishii hapo. Utafiti wa Afya na Demografia wa Tanzania wa 2022 uliikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wakiwa na udumavu. Mkoani Iringa walikuwa zaidi ya nusu, na Njombe na Rukwa takribani nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi, mikoa ya SAGCOT, mikoa ambayo mahindi yake yalipangwa kwenda Zambia. Mtoto anayeishi kando ya kihenge cha taifa hakui ipasavyo, kwa sababu anakula ugali wa sembe siku saba za wiki, kwa sababu mama yake yuko shambani tangu alfajiri, na kwa sababu maharage na maziwa yamepelekwa sokoni kulipia mbolea. Kipimo chochote cha ubia wa chakula kinachohesabu hekta, mikopo na tani za kuuza nje bila kumhesabu mtoto huyo kimepima kitu kingine.

Kurutubisha unga ni sehemu ndogo ya jibu, lakini kunaonyesha vizuri namna pande mbili zinavyoweza kukutana. Viwanda vikubwa vinaweza kuongeza madini chuma, zinki na vitamini bila shida. Watanzania wengi vijijini, hata hivyo, hula unga wa mashine ndogo ya kijijini, na mwenye mashine hana faida ya kununulia virutubisho. Shirika la Sanku limetafuta njia: hufunga kifaa cha kuchanganyia kwenye mashine ndogo, hununua mifuko mitupu ya kufungia unga kwa jumla kwa bei ya chini, humuuzia msagishaji kwa bei ya soko, na tofauti hiyo hulipia virutubisho. Mlaji haongezi kitu, na msagishaji haongezi kitu. Kinachokosekana ni mnunuzi mkubwa wa kudumu, na mnunuzi huyo yupo tayari. Shule za bweni, magereza, hospitali na kambi hununua unga kila mwezi kwa fedha za umma. Halmashauri ikiandika kwenye zabuni zake kwamba itapokea unga uliorutubishwa tu, uliosagwa ndani ya wilaya kutokana na mahindi yaliyopimwa sumukuvu, na kwamba italipa ndani ya siku 30, mwenye mashine ataenda benki akiwa na kitu cha kuonyesha, na mkulima atakuwa na mnunuzi anayelipia usafi wa gunia lake.